Kuandika kwamba kitu ni cha kutegemewa, na msomaji akubali: mwongozo kamili

Kazi yangu ni kuchapa. Nina kibanda chenye kompyuta moja na printa mbili kwenye uchochoro unaotokea River Road, Nairobi, na watu huniletea mabango, kadi, barua za kumsifu mfanyakazi na vikaratasi vya kugawa stejini. Karibu wote huja na sentensi ile ile: "Huduma bora, ya uhakika na ya kuaminika." Fundi wa viatu anayo. Mwenye saluni anayo. Mwenye kinu cha kusaga unga anayo, na mganga wa nguvu za kiume anayo kwa herufi kubwa. Ukiyapanga mabango yao ukutani na kufunika picha, hutajua nani anashona na nani anasaga.

Wiki mbili baadaye wanarudi wakilalamika kwamba bango halileti mtu. Nimeeleza kwa mdomo, mmoja mmoja, mpaka nimechoka. Sasa nimeandika yote hapa. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Nyingi ni za dakika chache, ila ya tatu na ya tano zinataka utulie.

## Andaa hivi kwanza

- Kitu chenyewe, au mtu mwenyewe, mbele yako. Ukisifu kwa kukumbuka utaandika maneno uliyoyasikia kwa wengine.
- Kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili. Mimi hutumia Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA. Kamusi ya lugha mbili itakumwagia maneno sita kwa mpigo bila kukwambia lipi ni la mtu na lipi ni la daraja.
- Mteja mmoja wa zamani unayeweza kumpigia simu. Utamhitaji katika hatua ya pili.
- Kalamu na karatasi chakavu. Usianzie kwenye simu. Simu hukujazia neno, na neno linalojijaza ni lile lile la jirani yako.
- Kipimo cha mahali maneno yatakapokaa. Bango linalosomwa na abiria aliye ndani ya matatu inayokwenda linataka maneno machache kuliko barua.

## Hatua ya 1: Amua unasifu nini hasa

Kiswahili hakina neno moja la kutosha kila kitu kinachotegemewa. Kina neno la mtu, la kitu, la habari na la matokeo. Ukiyachanganya, msomaji husikia kasoro hata kama hawezi kuitaja.

Mtu. *Mwaminifu* ni asiyeiba, asiyedanganya, asiyetoa siri nje. *Wa kutegemewa* ni yule ambaye ukimpa kazi, kazi hufanyika. Hayo ni mambo mawili. Namjua fundi wa nguo ambaye akikuta shilingi hamsini mfukoni mwa suruali uliyompelekea, atakurudishia zote. Lakini suruali yenyewe atakwambia "njoo kesho" kwa wiki tatu. Huyo ni mwaminifu, na si wa kutegemewa hata kidogo. *Makini* ni neno la tatu: anayeangalia anachofanya, asiyepima mara moja akakata. Mhasibu mwite mwaminifu na makini. Dereva wa watoto wa shule mwite makini na wa kutegemewa.

Kitu. Hapa ndipo watu humwaga *imara, madhubuti, thabiti* na *kudumu* kwenye sufuria moja. Zitenganishe:

- *Imara* ni kinachostahimili uzito na nguvu. Kitanda, ngazi, stendi ya tangi la maji.
- *Madhubuti* ni kilichobanwa, kilichopangwa, kisichoacha mwanya. Kufuli, ulinzi, mpango.
- *Thabiti* ni kisichoyumba wala kubadilika. Bei, msimamo, ushahidi.
- *Cha kudumu* ni habari ya muda. Kitanda kinaweza kuwa imara leo, watu wanne wakakikalia, na baada ya miaka miwili ya unyevu kikaoza.

Habari. Habari huwa *za kuaminika*, *sahihi* au *za yakini*. Haziwi imara.

Matokeo. Jambo litakalotokea kesho halina uaminifu wala uimara. Lina *uhakika*, au halina. Hatua ya nne na ya saba zinashughulika na hilo.

*Tahadhari:* usimpe mashine sifa ya mtu. "Pikipiki mwaminifu" inachekesha kwenye soga, ila kwenye tangazo msomaji atajua umekosa neno.

*Utajua umefaulu ukiwa* na neno moja tu kwenye karatasi. Yakibaki matatu, bado hujaamua.

## Hatua ya 2: Kitafute kitenzi kilicho ndugu wa sifa yako

Maneno haya karibu yote yana ndugu yake wa kutenda. *Thabiti* ana *kuthibitisha*. *Imara* ana *kuimarisha*. *Madhubuti* ana *kudhibiti*. *Hakika* ana *kuhakikisha*. *Dhamana* ana *kudhamini*. *Mwaminifu* ana *kuamini*.

Sasa jiulize: nani alitenda? Ukiandika kwamba ushahidi ni thabiti, nani aliuthibitisha? Ukisema ulinzi ni madhubuti, nani anaudhibiti, kwa zamu ngapi, geti lina watu wangapi usiku? Ukiwa na jibu, neno ni lako. Huna jibu, lirudishe ulikolitoa.

Hapa ndipo unapompigia simu yule mteja wa zamani. Usimuulize kama alipenda kazi yako. Atasema ndiyo kwa adabu tu. Muulize ni nini kilichokuwa kikimsumbua ambacho sasa hakimsumbui. Andika kitenzi atakachotumia. Wateja hawasemi "madhubuti". Husema "tangu uniwekee lile geti, silali nikisikiliza."

*Tahadhari kubwa:* neno *imethibitishwa* lina mwenyewe. Msomaji wa Kenya akiliona kwenye bidhaa hudhani KEBS, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, limeikagua na kuipa nembo. Kama huna nembo, usiandike imethibitishwa kwa sababu shemeji yako aliijaribu. Andika "imejaribiwa" na utaje ilijaribiwa wapi.

## Hatua ya 3: Angalia mkia wa neno

Hatua hii ndiyo iliyoniaibisha mimi mwenyewe.

Mama mmoja wa South B alikuwa akihamia Mombasa, akataka barua ya kumwombea kazi dada wa nyumbani aliyemfanyia kazi miaka mitano. Alinisomea kutoka kwenye simu: "Ni msichana tegemezi na mwaminifu." Ilikuwa saa kumi na moja jioni, foleni imejaa, nikachapa kama nilivyosikia. Siku ya nne dada akarudi na barua mkononi. Nyumba aliyokwenda walikuwa wamemkaribisha vizuri, wakasoma, kisha mwenye nyumba akamuuliza kwa upole: "Sasa wewe unategemea nini hasa? Una ugonjwa?"

*Tegemezi* ni anayewategemea wengine. Ndiyo maana fomu ya bima ya afya hukuuliza wategemezi wako, ikimaanisha watoto na mwenzi. Anayetegemewa ni *wa kutegemewa*, au kwa heshima zaidi, *tegemeo*: "ndiye tegemeo la nyumba ile." Silabi moja hugeuza mbebaji kuwa mzigo.

Nilimchapia upya bure, na safari hii hatukutumia sifa hata moja: "Kwa miaka mitano amekaa na funguo za nyumba yangu. Sijawahi kurudi jioni nikakuta watoto hawajapokelewa kutoka shule." Alipata kazi Lang'ata.

Basi shika mikia hii.

-wa na -ka. *Kuaminiwa* ni kuaminiwa na watu fulani; lazima wawepo. *Kuaminika* ni kuwa na hali ya kufaa kuaminiwa. Duka linaweza kuaminika kabla halijapata wateja wengi. Likisema linaaminiwa, msomaji ana haki ya kuuliza na nani.

Inaaminika kwamba. Huyu ni mwizi aliyevaa sare ya askari. "Duka linaloaminika" ni sifa. "Inaaminika kwamba duka hili…" ni uvumi. Magazeti huandika "inaaminika mshukiwa alitorokea mpakani" pale ambapo hakuna aliyemwona akitoroka. Kitenzi ni kile kile, ila mwanzoni mwa sentensi bila mwenyewe kinavunja ulichotaka kujenga.

Haivunjiki, haijavunjika, haivunjwi. Soma polepole:

- *Haivunjiki*: haiwezekani kuvunjika. Umetabiri mpaka kiama.
- *Haijavunjika*: mpaka leo ni nzima. Umesimulia yaliyotokea.
- *Haivunjwi*: hakuna anayeivunja, au haifai kuivunja, kama ahadi au mwiko.

Wauzaji hukimbilia ya kwanza kwa sababu ina kishindo. Mimi huwapeleka kwenye ya pili na kuongeza muda: "Miaka minne, haijavunjika." Kishindo ni kidogo, lakini mtu haulizi swali tena. Kumbuka pia kwamba haivunjiki hukanushwa na mteja mmoja tu mwenye nyundo.

*Utajua umefaulu* ukiweza kumweleza mtoto wa darasa la sita tofauti kati ya neno uliloandika na ndugu yake aliye karibu.

## Hatua ya 4: Pima uzito wa uhakika wako

Chora mstari wima. Chini kabisa andika *labda*, juu kabisa andika *yakini*. Weka kila neno lako mahali pake.

*Labda* na *huenda* hukaa chini pamoja. Juu kidogo ya hapo ni *inatarajiwa*, neno la watu wa utabiri wa hali ya hewa, na wana akili ya kulitumia: hata masika ya Machi hadi Mei, ambayo kila mkulima anayajua, hawayatangazi kwa *hakika*. Juu zaidi kuna *bila shaka*, *hapana shaka*, *hakika*, kisha *yakini*.

Mitego ni mitatu.

Wa kwanza ni *yamkini*. Linafanana na *yakini* kama pacha, na watu wazima wenye digrii huyabadilisha. *Yamkini* maana yake yawezekana, pengine. *Yakini* ni ukweli usio na shaka. Ukiandika "yamkini tutakulipa Ijumaa" ukidhani umetoa ahadi nzito, umemwambia mdai wako kwamba pengine utamlipa.

Wa pili ni *lazima*. "Lazima amefika" haisemi kwamba amefika. Inasema nakisia, kwa sababu alitoka saa mbili na Thika si mbali. Kwenye barua, lazima ya kukisia huonekana kama hakika mpaka mtu aisome mara ya pili.

Wa tatu ni *bila shaka*. Mjini hapa limekuwa neno la adabu. Mwambie mtu "utakuja kwenye harusi?" akakujibu "bila shaka", usimhesabu kwenye sahani. Limetumika kuitikia mpaka limepoteza meno. Kwenye maandishi mazito naweka badala yake *hapana shaka* au *sina shaka*, ambayo bado yana uzito wake. *Sina shaka* ina faida moja zaidi: inamtaja anayesema. "Sina shaka naye" kwenye barua ya mwalimu ni mwalimu aliyesimama na jina lake.

*Tahadhari:* usirundike. "Hakika bila shaka yoyote kabisa" ni mtu anayejitia moyo.

## Hatua ya 5: Toa sifa, weka kitendo

Kazi yote ya juu ilikuwa ya kukufikisha hapa.

Mzee mmoja anayetengeneza majiko ya makaa Kamukunji alikuja na karatasi: JIKO IMARA, MADHUBUTI NA YA KUDUMU. Alikuwa amebeba jiko lenyewe kwenye gunia. Nikaliweka mezani, vumbi likaingia kwenye printa, tukaanza.

"Mzee, likianguka inakuwaje?"

"Ukingo unapinda kidogo. Udongo wa ndani hautoki."

"Kwa nini hautoki? Mengine hutoka."

Akaligeuza. Akanionyesha mahali bati lilipokunjwa kwa ndani kama upindo wa gauni, likaukamata udongo kotekote. "Wengine hawakunji. Wanapaka saruji tu, basi."

"Na hilo bati?"

"La pipa. Si hili jembamba la mabati ya paa."

"Udongo hupasuka lini?"

Akacheka. "Mama akiwa na haraka, analizima kwa maji. Moto na maji. Utapasuka tu."

Katika maneno yale hapakuwa na *imara* wala *madhubuti*. Palikuwa na *hautoki*, *kunja*, *pipa*, *utapasuka*. Tukaandika mara ya kwanza:

JIKO IMARA LA BATI NENE, UDONGO HAUTOKI

Afadhali. Lakini *imara* pale linafanya nini? Bati nene tayari limekwisha sema. Tukalifuta. *Nene* nalo kila mtu anadai. Tukaweka *la pipa*, kwa sababu mnunuzi wa jiko anajua bati la pipa likoje akiligonga kwa kidole. Mara ya pili:

JIKO LA BATI LA PIPA. UDONGO UMEKAMATWA, HAUTOKI.

Kisha nikamuuliza swali linalowakimbiza wengi: ukipasuka, utafanya nini? Akafikiri. Akasema ndani ya miezi sita atatia udongo mwingine bila malipo, mradi mtu hakulizima kwa maji. Mara ya tatu, na ndivyo lilivyochapwa:

JIKO LA BATI LA PIPA
UDONGO UMEKAMATWA, HAUTOKI
Ukipasuka kabla ya miezi sita, tunatia mwingine bure.
Usilizime kwa maji.

Ule mstari wa mwisho aliupinga. Alisema unatisha wateja. Mimi naona ndio unaouza. Anayekwambia kitu chake hushindwa wapi, unamwamini akikwambia hakishindwi wapi.

Nawe fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Mwambie mwenye kitu akieleze kwa mdomo huku amekishika. Rekodi.
2. Andika vitenzi tu alivyotumia.
3. Chagua kimoja kinachokanusha tatizo ambalo mteja analijua: *hakivuji, haipauki, haichuji, hailegei, haikatiki katikati*. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa vitenzi vya namna hii, na kila biashara ina vyake. Muuza leso anajua *haichuji*. Fundi bomba anajua *hakivuji*.
4. Kwa jambo la mazoea tumia *hu-*: "huwaka kwa kiberiti kimoja", "hufika kabla ya saa moja". *Hu-* haina leo wala kesho. Inasema ndivyo kilivyo. Hakuna sifa inayoipita kwa utegemevu.
5. Ongeza utakachofanya kikishindwa.
6. Futa kila sifa ambayo sentensi inasimama bila yake.

*Utajua umefaulu* ikiwa huwezi kulihamisha bango lako kwa jirani. Likimfaa na yeye bila kubadilisha neno, rudi kwenye namba moja.

## Hatua ya 6: Upatanisho

Hii ni fupi. *Imara, thabiti, madhubuti, makini, halisi, safi, kamili* hazibadiliki: kiti imara, viti imara, milango imara. Hakuna "vimara". *-gumu* na *-zuri* hubadilika: mti mgumu, chuma kigumu, mawe magumu.

*-a kutegemewa* hufuata nomino: fundi wa, gari la, magari ya, kiti cha, mashine ya, ng'ombe wa kutegemewa. Nairobi tunasema "gari ya" na "jiko ya" kutwa, na mdomoni haina ubaya. Kwenye bango la wateja wa mtaani sigombani sana. Kwenye barua ya zabuni au ya shule, "jiko ya kudumu" humfanya msomaji ajiulize kama na hesabu zako umezifanya hivyo.

## Hatua ya 7: Ukitaka kusema kitu hakina budi kufaulu

Neno *uhakika* lina jeraha. Tembea kutoka Kariokor hadi mjini ukisoma vikaratasi kwenye milingoti ya stima: dawa ya uhakika, mapenzi ya uhakika, mali iliyopotea kurudi kwa uhakika. Fungua simu, kuna anayekuuzia mechi za uhakika za kubashiri kwa shilingi mia. Neno lililolala na watu hao likija kwenye tangazo lako la miche ya parachichi, linakuja na harufu yao.

Kuna na upande wa sheria. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa na huduma. "Utapona kwa hakika" na "faida ya uhakika" si maneno ya kuweka hewani halafu ukatumaini hakuna aliyepiga picha.

Badala yake, funga matokeo kwa sharti. Kiswahili kina kipande cha herufi mbili kwa kazi hiyo, *-ki-*:

- Si "miche inayoshika kwa uhakika", bali "ukimwagilia asubuhi na jioni kwa wiki mbili, mche hushika."
- Si "mafunzo ya udereva yenye uhakika wa kupita", bali "ukimaliza masomo yote na mazoezi ya kuegesha, ndipo tunakupeleka mtihani."
- Si "gawio la uhakika" kwenye karatasi ya Sacco, kwa sababu gawio hutegemea mapato ya mwaka na huamuliwa kwenye mkutano mkuu. Andika lililolipwa mwaka uliopita, na utaje mwaka.

Kwa mtu anayeombewa nafasi ya kazi au msaada wa karo, usiandike "atafaulu kwa hakika". Hujui. Andika "ana kila dalili ya kufaulu" kisha utaje dalili mbili ulizoziona kwa macho. Au lile la hatua ya nne: sina shaka naye.

*Tahadhari ya pesa:* usiandike "namdhamini" kwa kunogesha barua. Anayemdhamini mwenzake kwenye mkopo wa Sacco hulipa mwenzake akishindwa, na anayemwekea mtu dhamana mahakamani huitwa mtu akitoweka. Kama unataka kusema unamwamini, sema unamwamini. *Dhamana* ya bidhaa nayo iandike na muda wake na inahusu nini. "Ina dhamana" peke yake ni nusu ya sentensi.

## Hatua ya 8: Maneno ya mtaani, kwa kipimo

*Orijino* limechakaa. Ukiona "orijino kabisa" kwenye kava la simu Luthuli Avenue, lile *kabisa* linakiri kitu. *Si feki* lina shida hiyo hiyo. Hakuna aliyekuwa amefikiria ufeki mpaka ukamkumbusha.

*Hakuangushi* naipenda. Inafaa mtu na kitu, inaeleweka na vijana na wazee, na ni kitendo. *Chuma* kwa mtu asiyechoka bado ina nguvu. Maneno ya sheng' yaliyozaliwa mwaka huu yaache kwenye hali ya WhatsApp. Bango la plastiki hukaa miaka mitatu ukutani, na kufikia hapo neno litakuwa limezeeka likuzeeshe na wewe.

Methali zitumie kwa nadra. *Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza* ni nzuri mno, ila ukiiandika kwenye bango, bango lenyewe ni kujitembeza.

## Hatua ya 9: Ijaribu kwa mtu asiyekudai wala kukupenda

Toa nakala moja kwenye karatasi ya kawaida kabla ya kulipia plastiki. Msomee mtu asiye ndugu wala mteja: mlinzi wa jengo, mama wa chai. Soma mara moja, kwa sauti ya kawaida. Nyamaza.

Akisema "ni sawa", umeshindwa. Hajasikia kitu.

Akiuliza "kweli?", umesema zaidi ya unachoweza kubeba. Rudi hatua ya nne.

Akiuliza "ni pesa ngapi?" au "uko wapi?", peleka kiwandani.

Yule mzee wa Kamukunji, mama wa chai alimuuliza bei kabla sijamaliza mstari wa tatu. Bango likachapwa, akalitundika. Mwezi wa pili mwaka uliofuata akarudi na gunia lake. Majiko matatu yalikuwa yamerudishwa kwake yakiwa yamepasuka, yote katika mwezi wa tano tangu yanunuliwe, na alikuwa ametia udongo bila kulipwa kama alivyoahidi. Alisema udongo wa msimu ule haukuwa umekauka vizuri kabla ya kuchomwa. Aliuliza kama tunaweza kufuta ile habari ya miezi sita.

Hatukuifuta. Tuliandika minne.